Mwiko Anao, Ufunguo Hana

Tangu bandari ya Tanga iongezwe kina, na tangu ujulikane uamuzi kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, litamaliza safari yake ya kilomita 1,443 pale Chongoleani, mazungumzo ya mji huu yamebadilika. Kuanzia vikao vya kata hadi vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, kinachozungumzwa ni fursa. Na katika fursa zote, ya chakula ndiyo inayotajwa kwa wepesi zaidi. Madereva wanataka kula, vibarua wanataka kula, wageni wanataka kula. Basi tuwachukue vijana wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, tuwafundishe mapishi, tuwakabidhi sufuria na mtungi wa gesi, waanze maisha. Nia ya wanaosema hivi siitilii shaka hata kidogo. Ninachopinga ni hesabu yao. Mafunzo ya upishi ni miongoni mwa njia bora za kumwondoa mtu mtaani, na Tanga inafaa kwa kazi hiyo kuliko miji mingi. Lakini kinachomrudisha kijana kibarazani mara nyingi si kukosa ujuzi. Ni kukosa mahali pa kulala pasipotegemea hisani ya mwajiri wake, na kukosa mtu wa kusimama akasema, huyu namfahamu. Mpango usiogusa mambo hayo mawili utatupatia wapishi wazuri wanaolala nje.

Kwanza tuwatendee haki wanaotetea mafunzo, kwa sababu wana hoja nzito. Jiko ni moja ya sehemu chache za kazi ambazo hazimwulizi mtu cheti cha kidato cha nne kabla ya kumpa kisu. Linalipa kwa siku. Linamlisha mfanyakazi siku hiyo hiyo, na kwa mtu aliyekuwa akiokoteza, mlo huo ni mshahara wa kwanza hata kabla ya mshahara wenyewe. Kazi yake inaonekana kwa macho: wali umeiva au haukuiva, tui limekatika au halikukatika. Na Tanga ni mji unaokula nje ya nyumba tangu alfajiri. Asubuhi ni chai, vitumbua na mbaazi za nazi. Mchana ni wali na samaki, au bada, yaani ugali wa muhogo, kwa mchuzi. Jioni majiko ya mishkaki na mihogo yanawashwa kandokando ya barabara. Mkono wa ziada jikoni hauhitaji kutafutiwa soko kwa kampeni.

Wapo pia wenzetu waliojaribu na wakafanikiwa. Mjini Washington, Marekani, Robert Egger alianzisha DC Central Kitchen mwaka 1989, akianza na gari la jokofu na vyakula vilivyobaki kwenye sherehe za kuapishwa kwa Rais George H. W. Bush. Mabaki yale hayakuishia kugawiwa kwa wenye njaa. Jiko lilifanywa darasa, na waliofundishwa humo ni watu waliokosa kazi, waliotoka gerezani na waliokuwa wakilala nje. Hanoi, Vietnam, Jimmy Pham alianzisha KOTO mwaka 1999 kwa ajili ya vijana wa mitaani, na mgahawa wake ukawa ndio shule. Mifano hii hupenda kutajwa kwenye maandiko ya miradi. Lakini anayeisoma mpaka mwisho atakuta kwamba KOTO haikuwafundisha vijana kukata vitunguu peke yake. Mafunzo yake ni ya miaka miwili, na kwa muda wote huo mwanafunzi ana pa kulala, ana matibabu na ana posho. Sisi tunachukua sehemu ya vitunguu, tunaacha sehemu ya kitanda, kisha tunashangaa matokeo hayafanani.

Kwamba ujuzi si ndio unaokosekana, mtu anaweza kujionea mwenyewe. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, boti zikishaingia. Utawakuta vijana wanaopara samaki kwa ujira wa papo hapo, na wengi wao hawana nyumba ya kurudi. Tazama mikono yao. Kisu kinapita kinyume cha magamba mara chache tu na changu amebaki laini; tumbo linapasuliwa, nyongo inatolewa bila kupasuka, mashavu yanang'olewa, mikato mitatu ya mshazari inapigwa ubavuni ili chumvi na ndimu viingie. Kijana anamwuliza mteja kwanza, “Mama, huyu wa kukaanga au wa kupaka?” kwa sababu anajua mkato haufanani. Hiyo ni elimu ya jikoni. Haina muhuri tu. Na muhuri wenyewe unapatikana: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Kwa kijana wa aina hii, kumweka miezi sita akifundishwa kushika kisu ni kumpotezea muda.

Mmoja wa vijana hao aliwahi kupanda ngazi. Alichukuliwa na mama lishe mmoja, akawa anakuna nazi, anachambua mchele, anakaanga samaki, na usiku analala humo humo bandani akilinda vyombo. Mpango ulimfaa kila mmoja, mpaka siku hesabu ya mauzo ilipopungua na lawama ikamwangukia yeye. “Mama hakunifukuza kwa ubaya,” aliniambia. “Alisema tu, mwanangu, kesho usije. Sasa kesho nisije sawa, leo nalala wapi?” Sina njia ya kujua nani alichukua zile pesa, na kwa hoja yangu haina uzito. Uzito uko kwenye kwamba kwa sentensi moja alipoteza kazi, mlo, kitanda na mahali pa kuweka begi la nguo zake. Sisi wenye nyumba tukifukuzwa kazi tunakwenda nyumbani kufikiri. Yeye alikwenda barazani, na kesho yake alikuwa mchafu mno kwenda kuomba kazi kwenye jiko lingine.

Tanga ingepaswa kuifahamu hatari hii kuliko mji wowote nchini, maana tuliiishi kwa kizazi kizima. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulijenga mkoa huu, na mwaka 1964 nchi ilifikia kilele cha tani zipatazo 230,000. Mashamba yalileta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na kwingineko, yakawaweka makambini. Nyumba ilikuwa ya shamba, maji ya shamba, zahanati ya shamba. Nyuzi za viwandani zilipoua bei, mkonge ulianguka, na wafanyakazi waligundua kwamba walichokiita nyumbani kilikuwa sehemu ya ajira. Baadhi yao walikuwa na miongo miwili au mitatu hapo, watoto wamezaliwa hapo, na kijijini walikotoka hakuna tena anayewajua. Kuna familia katika mkoa huu ambazo umaskini wao hauelezeki bila kuanzia kwenye makambi yale. Leo mtu akileta mradi wa kuwafundisha vijana mapishi na kuwalaza kwenye bweni la mgahawa huo huo watakaofanyia kazi, anaujenga upya mfumo ule kwa sufuria badala ya singa za mkonge.

Kwa nini basi kijana asipange chumba akishaanza kulipwa? Swali hili huulizwa na watu wema kabisa, na jibu lake liko kwenye kalenda. Mshahara wa jikoni huja kwa siku. Kodi huja kwa nusu mwaka. Tuchukulie chumba cha kawaida cha uswahilini kinapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, yaani 180,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Jumla ni 210,000. Kijana akijibana akaweka 2,000 kila siku bila kukosa, bila kuugua, bila siku ya mvua ambayo banda halikufunguliwa, atahitaji siku 105. Na siku zote hizo 105 anazitunza fedha hizo akiwa amelala mahali ambapo hata viatu huibiwa mguuni. Aziweke kwenye simu? Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, yaani NIDA. NIDA huanza na fomu iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa. Na mtendaji wa mtaa, ambaye simlaumu, hawezi kuthibitisha ukazi wa mtu ambaye makazi yake ni kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Mafunzo yanaweza kumpandisha kijana kutoka kuweka 2,000 hadi kuweka 3,000. Hayaugusi mlolongo huo hata kidogo.

Wapo wanaopinga jambo zima kwa hoja kwamba hawa wameshauzoea mtaa, ni wavivu, ukiwapa chumba watakiuza au watarudi walikozoea. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana. Mtu mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri kugombania samaki wa kupara. Habebi magunia sokoni Mgandini kutwa nzima kwa fedha ya sahani mbili. Kinachoonekana kama uvivu mara nyingi ni usingizi, kwa sababu anayelala nje halali. Analala kwa zamu na hofu yake, akisikiliza hatua za wezi na za doria. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, inamruhusu askari kumkamata mtu kwa uzururaji, na mpishi anayetoka kuosha masufuria saa sita usiku bila anwani ya kutaja anaingia humo kirahisi. Akikosa kufika kazini kesho yake, sisi tunasema, si tuliwaambia? Kuhusu uchafu na maradhi, sheria imeshajibu: kila anayegusa chakula cha biashara anatakiwa kupimwa afya na kuwa na cheti, awe amelala Raskazone au stendi ya Kange. Cheti kile kinapima mwili. Kitegemewe kwa mtu huyo hivyo hivyo kama kinavyotegemewa kwa wengine.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya mama lishe. Mji umejaa wapishi, wanasema wao, na wengi wao ni wanawake wanaosomesha watoto kwa faida ya sahani moja moja. Ukiwamwagia vijana wapya waliopewa majiko ya bure na mitaji isiyo na riba, utakuwa umemtoa maskini mmoja mtaani kwa kumsogeza mwingine karibu nao. Naikubali hoja hii. Ndiyo maana nadhani ni kosa kumfundisha kijana wa mtaani halafu kumfungulia banda mkabala na la yule aliyekuwa akimpa ukoko wa bure alipokuwa na njaa. Afadhali mara mia awe mwanagenzi wa mama huyo huyo, mradi ukimlipa mama kama mwalimu na kumlipa kijana posho ya kujifunza. Mama anapata mkono wa kazi na kipato cha ziada, kijana anapata ujuzi na mtu wa kumsemea. Mafunzo ya darasani yaelekezwe kwenye kile ambacho banda halifundishi na ambacho majiko makubwa yanakitafuta: kupika kwa watu 300 bila chakula kuharibika, kukadiria kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi na ipi ndiyo faida, kuhifadhi samaki na nyama kwenye ubaridi sahihi, kuandika oda. Jiko la hospitali, la shule ya bweni, la kambi ya ujenzi, la hoteli, haya hayamnyang'anyi mama lishe mteja. Ila tusisahau kwamba jiko la kambi ya ujenzi hufungwa ujenzi ukiisha, na anayelitegemea peke yake atarudi pale pale.

Upande mwingine wapo wanaosema tuanze na nyumba, mengine yatafuata. Wanataja New York, ambako Sam Tsemberis aliianza njia hiyo mwaka 1992, na Finland, iliyoifanya kuwa sera ya taifa kuanzia mwaka 2008 na kupunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya wasio na makazi. Wanaowapinga hujibu kwamba Finland ina fedha na ina nyumba za umma za kupangisha, sisi hatuna. Jibu hilo ni la kweli na halitoshi. Tulichoonyeshwa na Finland ni mpangilio wa hatua: mtu haambiwi athibitishe kwanza kwamba anastahili kitanda. Mpangilio huo hauhitaji maghorofa. Unahitaji vyumba vichache vya kawaida kwenye nyumba za kawaida za Ngamiani, Makorora au Mabawa, vilivyolipiwa kodi ya miezi sita na mtu ambaye mwenye nyumba anamwamini. Siendi mpaka mwisho na wale wanaosema kazi itajileta yenyewe. Kwa mji usio na ruzuku ya kodi kila mwezi, chumba bila kipato ni miezi sita ya kupumzika, na mwezi wa saba ni kibaraza. Chumba na jiko viende sambamba, ila viwe kwa watu wawili tofauti, ili mmoja akigombana na kijana asimnyang'anye vyote.

Kuna jambo moja dogo la saa ambalo wapangaji wa mafunzo hulisahau. Sehemu ya vijana wanaolala nje Tanga ni waathirika wa heroini, na waliojitokeza kutibiwa hupata methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, kliniki katika Hospitali ya Bombo. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku, asubuhi. Jiko la kifungua kinywa nalo linamtaka mtu saa kumi na moja alfajiri na halimwachii mpaka saa tatu au nne, wakati wateja wa chai wanapopungua. Kijana anayelazimishwa kuchagua kati ya dozi na zamu atapoteza kimojawapo, na chochote atakachopoteza kitamrudisha alikotoka. Kumpanga zamu ya mchana na jioni hakugharimu hata shilingi. Vivyo hivyo kwa Ramadhani: majiko ya mchana yanalala, ya futari na daku yanachemka. Kozi inayohitimisha wanafunzi wiki moja kabla ya mfungo bila kuwa imewafundisha mihogo ya nazi, tambi na kaimati inawatoa mlangoni katika mwezi ambao kipato chao cha kila siku kitakatika.

Hapa ndipo jamii inapoingia, na sisemi jamii kwa maana ya kuchangishana vyombo. Kitu adimu kuliko mwiko ni udhamini, na udhamini hauuzwi dukani. Watu wazima wenye jina mtaani ndio walio nao. Mama lishe wana michezo yao ya kupeana fedha kila siku au kila wiki, na mchezo ni chombo hasa cha kugeuza kipato cha siku kuwa kodi ya nusu mwaka. Kijana akiingizwa kwenye mchezo kwa dhamana ya mama anayemfundisha, zile siku 105 za kulala na fedha mfukoni zinaondoka, na zamu yake inaweza kupangwa iwe ya kwanza. Misikiti yetu inakusanya zaka, na miongoni mwa makundi manane yanayostahiki kupewa wamo mafakiri, maskini, wenye madeni na msafiri aliyekwama njiani. Makanisa yana mifuko ya wahitaji. Fedha hizo kwa desturi hugawiwa kama unga, mchele na nguo, na ni jema. Lakini kodi ya chumba kimoja ikilipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba inamfanya mtu apate barua ya mtaa, barua inamfungulia NIDA, NIDA inamfungulia laini ya simu. Mwenyekiti na mjumbe wanaweza kukaa na mama lishe na imamu au padri, wakakubaliana kwamba kijana fulani sasa ni mkazi wa nyumba fulani. Kikao hicho kinakwisha kabla ya adhana ya magharibi.

Halmashauri nayo ina chombo chake. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ilivyo sasa inataka kikundi chenye usajili, akaunti na utambulisho wa mtaa, yaani inamfikia kijana baada ya kuwa ameshatoka mtaani. Nisingependa masharti hayo yalegezwe ovyo. Tumeshaona vikundi hewa vilivyofanya mikopo hii isimamishwe. Ninachoomba ni kwamba mama lishe wanaokopa wawe na nafuu fulani wakichukua mwanagenzi asiye na makazi, na kwamba mradi wowote wa mafunzo ya upishi unaopita mezani kwa halmashauri uwe na fungu la kodi ya chumba lililoandikwa waziwazi, kando ya fungu la majiko na sare. Mkataba wa chumba uandikwe jina la kijana mwenyewe, mdhamini atie sahihi chini yake, na fungu hilo lisikatwe hata kijana akibadilisha jiko mara mbili. Na wakaguzi watakaokuja mwaka mmoja baadaye wasiulize vyeti vingapi vilitolewa siku ya mahafali. Waende na orodha ya majina, nyumba kwa nyumba, waulize kama fulani bado anaishi hapo na kama kodi ya awamu ya pili aliilipa mwenyewe.